Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Vijana Kuhusu Shoga Anayekulia Mji Mdogo wa Mashambani: Mwongozo Kamili

Riwaya nyingi za aina hii hukwama mapema kwa sababu mwandishi amedhani mgogoro wake ni chuki. Chuki ipo na utaiandika, lakini chuki haihitaji mji mdogo. Hata penye watu milioni kumi inapatikana. Kilicho cha mji mdogo wa mashambani hasa ni kujulikana. Muuza duka anajua mama yako anadaiwa kiasi gani. Dereva wa basi la shule anajua jana hukushuka kituo chako. Mwalimu wako wa hesabu alimfundisha na baba yako. Mahali kama hapo, mvulana wa miaka 16 anayetambua kwamba moyo wake unawaendea wavulana wenzake anapata kwa mara ya kwanza kitu kilicho chake peke yake. Hadithi yako ni ya siri hiyo: nani anaijua, ameijuaje, na ataitumiaje. Hatua zote hapa chini zimetoka kwenye wazo hilo moja.

Nitasema "mvulana" kwa ufupi. Mhusika wako akiwa msichana, karibu yote yanabaki, isipokuwa hili: wasichana wawili wakishikana mikono au wakilala chumba kimoja, mara nyingi mji hauoni kitu. Hatari yake inachelewa kufika, na maumivu yake ya mwanzo ni ya kutoonekana kabisa.

Hatua ya 1: Kata shauri kuhusu umri na mwaka

Umri ni jambo jepesi. Mhusika mkuu awe na miaka kati ya 15 na 18, kwa sababu vijana hupenda kusoma habari za waliowazidi kidogo. Ukimpa miaka 13 utakuwa unawaandikia watoto. Urefu wa maneno 50,000 hadi 80,000 unatosha.

Mwaka ndio wenye kazi. Usiandike "zamani kidogo". Mwaka unaamua siri inavuja kwa njia gani, na sheria inasema nini. Chukua mfano wa Uingereza. Mwaka 1967 mapenzi ya wanaume wawili faraghani yaliacha kuwa jinai huko England na Wales, na waandishi wengi huishia hapo wakaandika hadithi ya mwaka 1970 kana kwamba kila mtu amekuwa huru. Sheria ile iliwahusu waliotimiza miaka 21 tu. Wavulana wawili wa miaka 17 walikuwa bado wahalifu, na huko Scotland hata watu wazima walingoja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Popote unapoweka hadithi yako, tafuta sheria ya mwaka ule na uisome mpaka kwenye vipengele vidogo, maana huko ndiko msuko unakojificha.

Vivyo hivyo kwa tabibu wa mji. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa mwezi Mei 1990. Daktari wa mwaka 1985 anayemwambia mama kwamba mwanawe anaumwa huenda si mtu mkatili hata kidogo. Anasoma kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Ukijua hilo, utamwandika akiwa mpole, na tukio litatisha zaidi.

Halafu kuna vyombo. Kabla ya intaneti, simu iko sebuleni na kila mtu anasikia. Barua zinapitia mikononi mwa mtu anayeutambua mwandiko. Kitabu cha maktaba kina kadi yenye majina ya walioazima. Leo kuna simu ya mkononi inayoazimwa na mdogo wake, historia ya utafutaji isiyofutwa, na picha ya skrini inayozunguka darasa zima kabla ya mapumziko. Upweke nao umebadilika. Kijana wa leo anajua fika kwamba hayuko peke yake duniani. Anaweza kuwa na marafiki watano walio maelfu ya kilomita mbali wanaomjua vizuri, na mezani kwao akakosa hata mmoja. Waandishi waliokua kabla ya simu hizi hulisahau hili, wakamwandika kijana wa sasa akishangaa mambo ambayo kijana wa sasa hashangai.

Hatua ya 2: Chora ramani ya macho

Chukua karatasi uchore mji. Usihangaike na uzuri wa machweo. Kwa kila mahali andika nani anaona, na saa ngapi. Dirisha la jikoni la jirani linatazama barabara ipi? Taa za gari usiku zinaonekana kutoka wapi? Nani anafungua nyumba ya ibada, na funguo za ziada zinakaa kwa nani? Ukimaliza utaona kwamba sehemu zisizo na jicho ni chache mno, labda nne au tano. Hizo ndizo sehemu za riwaya yako. Matukio yote ya faragha yatatokea humo, na moja baada ya nyingine utazifunga sehemu hizo: bwawa litawekewa uzio, stoo itapata mpangaji, jirani aliyekuwa akilala mapema atapata mtoto mchanga na kuanza kukesha.

Ongeza kalenda ya kazi. Maisha ya shamba yana saa zake, na kijana wa huko ni mfanyakazi kabla ya kuwa mpenzi. Wakati wa mavuno, mtu akitoweka saa moja anatafutwa. Wakati wa kiangazi anaweza kupotea mchana kutwa bila kuulizwa. Ukipanga mapenzi yao kwa majira ya kazi, msomaji ataijua taharuki bila wewe kuitangaza.

Na mpe mji kitu ambacho mvulana huyu anakipenda kwa dhati. Harufu ya udongo haitoshi. Awe ana ustadi wa hapo hapo: anajua kumzalisha ng'ombe, anajua kutengeneza pampu ambayo fundi ameishindwa, anaheshimiwa na wazee kwa hilo. Bila hivyo, kuondoka hakutamgharimu kitu, na riwaya itakuwa safari ya kusubiri basi.

Hatua ya 3: Tengeneza jedwali la siri

Hapa usiwe na haraka. Chora jedwali: safu za kulala ni wahusika, safu za kusimama ni sura. Kwenye kila kisanduku weka hali moja kati ya hizi: hajui, anashuku, anajua, anajua na amenyamaza, anajua vibaya, yaani amebuni habari isiyo ya kweli na kuiamini. Mhusika mkuu naye apewe safu yake, kwa sababu katika sura za mwanzo huenda yeye ndiye wa mwisho kujua.

Kanuni ni moja. Kila sura lazima ibadilishe angalau kisanduku kimoja. Sura tatu zikipita bila badiliko, hadithi imelala, hata kama imejaa vilio na ugomvi.

Kisanduku chenye utajiri kuliko vyote ni cha mtu anayejua na amenyamaza. Bibi anayeacha mlango wa nyuma bila komeo. Kocha anayebadilisha mpangilio wa vyumba vya safari bila kueleza sababu, na msomaji hajui kama amefanya hivyo kumlinda kijana au kuwalinda wengine "dhidi" yake. Mtu wa aina hii anabeba sura nzima kwa kitendo kimoja kidogo, na kumwandika kunataka ujizuie. Ukimpa hotuba ya upendo umemuua.

Sasa fikiria jinsi siri inavyovuja. Inaweza kuvuja kwa macho, kwa karatasi, kwa simu, au kwa mpenzi mwenyewe anayeogopa na kumtoa mwenzake kafara. Zote zinafanya kazi. Ninayoipenda zaidi ni siri inayovuja kwa wema: rafiki wa kike anayemwambia mama yake kwa sababu ana wasiwasi, mama anayemwambia mwalimu kwa sababu anataka mtoto asaidiwe, mwalimu anayemwita baba. Kila mmoja amefanya alichodhani ni sahihi, na jioni mji mzima unajua. Hakuna wa kumlaumu, na kijana anahitaji sana mtu wa kumlaumu. Daftari la siri lililokutwa chini ya godoro tumelisoma vya kutosha, liache.

Kumbuka pia kwamba siri ni mtaji. Anayeijua amepata nguvu juu ya asiyetaka ijulikane, hata kama hajaomba nguvu hiyo. Mfanye mtu mwema aijue, kisha muweke mahali ambapo kuitumia kungemfaa sana.

Hatua ya 4: Mpe haja nyingine

Mvulana ambaye jambo lake pekee ni kuwa shoga anachosha kufikia ukurasa wa 60. Mpe haja isiyohusiana na mapenzi kabisa: anataka nafasi ya masomo, anataka kuzuia shamba la babu lisiuzwe, anataka kumpata ndugu aliyeondoka bila kuaga. Kisha rudi kwenye jedwali. Mtu mwenye ufunguo wa haja hiyo, yaani anayesaini barua, anayekopesha gari, anayemiliki hati, awe yuleyule ambaye kisanduku chake kinakaribia kubadilika.

Hatua ya 5: Tafuta sauti

Nafsi ya kwanza ndiyo iliyozoeleka na ina sababu yake: msomaji anapewa siri kabla ya mji mzima. Mtego wake ni mtu mzima anayekumbuka. Msimulizi wa miaka 40 anayetazama nyuma kwa busara anaandika riwaya nzuri, lakini si ya vijana. Ameshajua kwamba aliokoka. Kijana anayesoma anataka kuwa ndani ya mwaka huo, asijue mlango ukifunguliwa kuna nani.

Mwili utangulie maelezo. Kabla hajalitaja jambo lake kwa jina, tayari amebadilisha kiti darasani, ameanza kuchukia siku za kuogelea, amejikuta akijua ratiba ya mtu mwingine kuliko yake. Andika hivi:

"Nilijua siku anazokuja na baiskeli na siku anazoletwa na kaka yake. Nilijua shati lipi limekatika kifungo. Niliyajua yote hayo nikiwa na hakika kabisa kwamba simpendi."

Matusi nayo yanahitaji mpango. Shuleni tusi huwa linazunguka hewani miaka mingi kabla halijampata mwenyewe. Mara ya kwanza linapotokea kwenye riwaya, liwe limeelekezwa kwa mtoto mwingine, na mvulana wako acheke pamoja na wenzake. Kicheko hicho kitamfuata hadi mwisho wa kitabu. Baadaye usilirudie tusi kila ukurasa kwa kutafuta uhalisia. Msomaji mwenye miaka 15 ambaye analisikia kila siku hahitaji kukumbushwa.

Hatua ya 6: Waandike wengine kwa hofu zao

Mzazi, kiongozi wa dini, mnyanyasaji, rafiki: kwa kila mmoja jibu swali la anaogopa nini hasa. "Watu watasemaje" ni jibu la juujuu. Chimba. Mama mwenye cherehani anaogopa kwamba wateja wataacha kuleta nguo, na ni kweli wanaweza kuacha. Baba aliyemcheka mwenzake miaka 20 iliyopita kwa jambo hilihili anaogopa kwamba sasa atalipwa. Kiongozi wa dini anaogopa kwamba akinyamaza ataulizwa, na akisema atampoteza mtoto aliyemlea. Mtu mwenye hofu mahususi hawezi kuwa kikaragosi hata ukijaribu.

Mnyanyasaji asigeuke kuwa shoga wa siri katika sura ya mwisho. Imefanywa mno, na ukiitafakari ni namna ya kusema kwamba mateso ya mashoga yanasababishwa na mashoga wenyewe.

Kisha kuna yule mwingine. Karibu kila mji mdogo unaye: mwanamume asiyeoa aliyezeeka vizuri, au wanawake wawili walioishi nyumba moja miaka 30 na kuitwa mtu na binamu yake. Mji unajua. Kuna mkataba usioandikwa kwamba watakuwa majirani wema, watachangia misiba, watapewa salamu zao, ilimradi jambo lenyewe lisitamkwe. Mwandishi akifika hapa apunguze mwendo, kwa sababu mkataba huo umewapa watu hawa maisha, na ni huohuo uliowanyang'anya. Kijana anayetaka kusema kwa sauti anakuja kuuvunja, na huenda wa kwanza kumkasirikia wakawa wao.

Usimfanye mzee huyo kuwa mshauri wa kijana kirahisi. Mwanamume wa aina yake ameishi chini ya uvumi maisha yake yote, na kuonekana peke yake na mvulana wa miaka 16 kunaweza kumwangamiza. Atakapomfungia mlango mtoto aliyekuja kuomba msaada, akiwa ndani anatetemeka, utakuwa na tukio ambalo hakuna mhalifu angeweza kukupa.

Hatua ya 7: Mapenzi

Wawe rika moja. Na kwa kuwa ni watoto kisheria, usiandike tendo la ndoa. Hapa hakuna mjadala, na riwaya haipotezi kitu. Kinachowagusa wasomaji wa umri huu ni kusubiri: bega linalogusana kwenye trekta, jumbe tatu zilizoandikwa na kufutwa.

Swali ambalo mji mdogo peke yake unaweza kulileta ni hili: je, nampenda huyu, au ni kwa sababu ndiye pekee aliyepo? Mpe mvulana wako swali hilo katikati ya kitabu, wakati mambo yanaenda vizuri. Linauma kuliko wivu.

Si lazima apate mpenzi. Riwaya ya kijana anayempenda rafiki asiyempenda, na urafiki ukabaki, ni ngumu zaidi kuandika, na kijana mpweke anayeisoma atajiona humo.

Hatua ya 8: Kujiweka wazi

Waandishi hulijenga tukio hili kama kilele kimoja: meza ya chakula, kimya, sentensi, machozi. Hali halisi ni kwamba mtu hujieleza mara nyingi, kwa watu tofauti, na kila mara kwa maneno mengine. Panga matukio angalau matatu. Moja aseme mwenyewe na lipokelewe vibaya na mtu aliyemwamini. Moja lisemwe na mwingine bila idhini yake. Tofauti ya kujisema na kusemwa iwe bayana, kwa sababu kusemwa ni kuporwa. Moja liwe dogo hadi likaribie kuchekesha.

"Baba, kuna kitu nataka kukwambia."
"Kama ni lile, najua."
"Lipi?"
"Lete ile spana."

Baada ya hapo nenda asubuhi iliyofuata. Mifugo bado inataka maji, lori bado linataka kupakiwa, na watu wawili wasiojua watazamane vipi wanalazimika kubeba mzigo mmoja, huyu huku na yule kule. Sura ya siku ya pili ndiyo inayokosekana kwenye rasimu nyingi.

Hatua ya 9: Mwisho

Mwandishi Mwingereza E. M. Forster alimaliza rasimu ya Maurice, riwaya ya wanaume wanaopendana, mwaka 1914, akaifungia, na ikachapishwa mwaka 1971 baada ya kifo chake. Aliandika baadaye kwamba tatizo lilikuwa mwisho wenye furaha: kama wapenzi wale wangejiua, kitabu kingekubalika. Mwaka 1969 huko Marekani John Donovan alitoa riwaya inayotajwa kuwa ya kwanza kwa vijana kugusa jambo hili. Ndani yake, baada ya wavulana wawili kubusiana, mbwa wa mmoja wao anagongwa na gari na kufa, na mvulana anaamini ameadhibiwa. Kwa miongo mingi vifo na ajali ndivyo vilivyokuwa ushuru wa kupitishia vitabu hivi. Huna sababu ya kuulipa leo.

Huzuni inaruhusiwa, mradi isitokane na ajali iliyoangushwa kutoka juu. Ukigusa kujiua, usieleze njia, usiandike barua ya mwisho inayowafanya wote wajute na kujirekebisha, na hakikisha kuna mtu mzima mmoja kwenye kitabu ambaye msaada wake unafanya kazi.

Kuna mwisho wa kuondoka, wa kubaki, na wa kuondoka kisha kurudi. Jiji lisiwe paradiso. Likiwepo, lioneshe hata kwa ukurasa mmoja kodi yake na ugeni wake, hasa ugeni wa kutojulikana na yeyote kwa mtu aliyezoea kujulikana na wote. Kubaki nako kusiwe ushindi wa gwaride. Mji haubadiliki wote. Watu watatu wanabadilika kidogo, wawili wanazidi kuwa wagumu, na waliobaki wanapata habari nyingine ya kuzungumza.

Hatua ya 10: Rasimu, wasomaji, na usalama

Andika rasimu ya kwanza kwa mfululizo, kisha ipitie na jedwali mkononi. Watafute wasomaji watatu: shoga aliyekulia mashambani, mtu wa mashambani asiye shoga, na kijana wa umri wa mhusika wako, huyu kwa ridhaa ya mzazi wake. Wa kwanza atakwambia ulipodanganya kuhusu moyo, wa pili kuhusu shamba. Wa tatu atakwambia alipoacha kusoma, na huyo msikilize kuliko wote.

Ikiwa umechota kwenye maisha yako, kubadilisha majina hakutoshi. Mji mdogo utamtambua mtu kwa rangi ya gari lake au namna anavyokohoa. Unganisha watu wawili kuwa mmoja, badilisha kazi, hamisha mwaka. Usimweke wazi mtu aliye hai ambaye hajajiweka wazi mwenyewe, hata kama amekukosea. Ukifanya hivyo umefanya kilekile ambacho riwaya yako inakilaani. Kama sheria au jamii ya unakoishi inaweza kukudhuru, tumia jina la bandia tangu barua ya kwanza kwa mchapishaji, tumia anwani tofauti ya barua pepe, na muulize mapema nani atakaa na jina lako halisi na mkataba utahifadhiwa wapi.

Jiandae pia kwa ugomvi wa maktaba. Annie on My Mind ya Nancy Garden, iliyotoka mwaka 1982 na kuhusu wasichana wawili wanaopendana, ilichomwa moto hadharani huko Kansas City, Marekani, mwaka 1993. Ilipoondolewa kwenye maktaba za shule za Olathe, jimboni Kansas, wanafunzi na wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 1995 jaji akaamua kwamba kuiondoa kulivunja katiba. Soma kifungu cha mkataba wako kinachosema nani anabeba gharama kitabu kikipingwa, na kama mchapishaji anaweza kukitoa sokoni bila kukuuliza.

Muhtasari unaomtumia mhariri uwe wa ukurasa mmoja, na useme mwisho wa hadithi waziwazi. Taja mji, mwaka, haja ya kijana, mtu anayeijua siri na kuinyamazia, na kinachomfanya aseme.